Mungu Iko

Du-du. Kimya. Du.

Bartholomew Oketcho aliisikia ngoma kabla hajaona kitu. Ukungu wa Mella ulikuwa umekifunika kilima cha kanisa, ukalifunika bonde la mafunjo, ukaifunika hata mikono yake mwenyewe aliyokuwa ameinyoosha kuutafuta mlango. Du-du. Kimya. Du. Ilikuwa ngoma inayochechemea: mapigo mawili ya haraka, kisha kupumua, kisha pigo moja la kuchelewa, kama mtu mwenye goti bovu anayepanda ngazi.

Aliganda palepale. Tororo nzima hakukuwa na mtu aliyepiga ngoma namna hiyo isipokuwa mmoja, Mwalimu Emojong, ambaye mkono wake wa kushoto ulikauka katika vita vya Mjerumani, naye akawa anapiga kwa ule wa kulia peke yake, akitua katikati kuupumzisha. Lakini Emojong hakuwapo Mella. Alikuwa ameondoka miezi minne iliyopita. Na ngoma ya kanisa ilikuwa hapa hapa, nyuma ya mlango huu, imetundikwa kwenye kigingi chake, na kijiti chake kilikuwa mfukoni mwa koti la Oketcho.

Basi ile ilikuwa ngoma gani?

Alifungua mlango, akaitungua ngoma, akaitoa nje. Akapiga kama alivyofundishwa chuoni Tororo, mapigo sawasawa, yaliyonyooka, yasiyochechemea. Akapiga hata bega likapata moto. Aliponyamaza, kutoka ng'ambo ya bonde, bila haraka, akajibiwa: du-du, kimya, du.

Hakuja mtu.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya kumi na tano tangu apewe kanisa hilo, mwaka ule wa 1934. Jumapili ya kwanza walikuja watu arobaini, wakamwangalia. Ya pili wakaja ishirini. Ya tano walikuwa sita, ya nane mzee mmoja aliyekuja kulala usingizi kwa kuwa kwake kulikuwa na kelele za wajukuu, na tangu ya tisa hakuja mtu, ila popo darini. Oketcho hakuvunjika moyo. Au tuseme alivunjika lakini hakutaka kuonekana, ingawa hapakuwa na wa kumwona. Alisoma masomo yote mawili kwa sauti kubwa. Aliviimbia nyimbo viti vya udongo. Alisema "Tuombe," akapiga magoti peke yake, akasema "Amina" peke yake, na mabati yakamrudishia ile Amina ikiwa nyembamba, kama ya mtu anayemdhihaki.

Mtu anaweza kuuzoea upweke wa nyumbani. Upweke wa kanisani ni mwingine. Nyumbani unaukosa mdomo wa kuongea nao. Kanisani unakosa arobaini.

Na muda ulikuwa umekwisha. Ndani ya Biblia yake mlikuwa na barua ya padri wa Kizungu aliyesimamia makanisa ya upande ule. Angekuja Mella Jumapili ijayo. Kama angelikuta kanisa halina watu, mabati yangeng'olewa, yapelekwe mahali penye watu, na mwalimu angepewa kazi nyingine. Oketcho aliijua hiyo kazi nyingine. Ilikuwa kukaa ofisini Tororo, kunakili barua za wenzake mpaka mvi zimwote. Yeye, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, aliyejifundisha mwenyewe kutunga mashairi kwa kuhesabu mizani juu ya vidole, akiyasoma katika magazeti ya zamani aliyoyaokota kwenye jalala la stesheni. Yeye aliyewaza kwamba siku moja nyimbo za kanisa zima zingekuwa za kalamu yake!

Siku hiyo hakuimba. Alifunga mlango, akateremka bondeni kuifuata ile ngoma.

Alivuka juu ya magogo, mafunjo yakimpiga usoni, viatu vyake vya chuoni vikinywa maji. Ng'ambo, nyuma ya ua wa minyaa, palikuwa na boma la mjane mmoja wa Kiteso aliyeitwa Ariokot. Uani kwake, kati ya maghala ya wimbi, walikuwa wameketi watu wote wa kanisa lake. Aliwahesabu kwa macho. Hakukosekana hata mmoja; hata yule mzee wa usingizi alikuwapo, na hakuwa amelala.

Ariokot alikuwa ameishika ngoma katikati ya magoti. Mkono wa kulia ulikuwa ukipiga. Wa kushoto aliukunja mgongoni, wala haukuwa na kilema. Aliukunja kwa heshima.

Akaiacha ngoma, akainua uso. "Mungu iko?"

"Iko!" waliitikia wote kwa pamoja, na ndege wakaruka kutoka katika minyaa.

"Mungu iko?"

"Iko!"

Ndipo alipomwona Oketcho amesimama penye mwanya wa ua, maji yakimchuruzika.

"He! Mwalimu wa sarufi amefika," alisema. "Ingia, baba. Kaa chini. Ama wewe iko mtu ya kusimama tu?"

Watu wakacheka. Oketcho hakukaa.

"Toto," alisema, kwa maana Wateso humwita mama *toto*, na Mella nzima ilimwita Ariokot hivyo, hata Wapadhola kama yeye. "Toto, hii si haki. Kanisa liko kule. Ngoma iko kule."

"Ngoma iko?" aliuliza Ariokot upesi.

"Iko."

"Na kengele ya padri?"

"Iko pia. Lakini mimi sisemi habari ya..."

"Ngoma iko, kengele iko," alisema Ariokot akiwageukia wenzake. "Ni Mungu tu ndiyo hapana iko kule. Basi sisi tutafuata nini huko?"

Walicheka mpaka mtoto mchanga akaamka akalia. Oketcho alihisi damu ikimpanda masikioni. Alikuwa na majibu kumi, yote fasaha, na hakuna hata moja lililokuwa na mahali pa kukaa katika ua ule.

Ariokot alingoja kicheko kiishe. Alipoongea tena, utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Kijana, mimi nakuuliza kitu moja. Ile siku ya kuondoka kwake, ulimsindikiza?"

"Nilikuwa na mambo ya..."

"Na huko nyuma, miaka yote ile. Ulipata kumwambia asante? Hata moja?"

Oketcho alifungua kinywa. Akaitafuta siku hiyo katika kumbukumbu yake kama mtu anayepapasa mfukoni akiwa na hakika kwamba kitu kipo. Hakuipata.

"Padri anakuja Jumapili," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Atang'oa mabati."

"Basi nenda Busia," alisema Ariokot. "Emojong iko kule, anatengeneza ngozi ya ng'ombe. Kama yeye anasema turudi, tutarudi leo leo. Kama wewe ndiyo unasema, tutakaa hapa." Akaivuta ngoma magotini. "Sasa kaa tuombe, ama nenda utuache tuombe."

Alikwenda.

*

Jumatatu, mwamba wa Tororo ulipokuwa bado mweusi na anga nyuma yake ndiyo kwanza inapauka, Oketcho alikuwa njiani kuelekea Busia kwa miguu. Alikuwa na daftari, muhogo wa kuchemsha, na hasira. Hasira ilikwisha kabla ya muhogo.

Ilikuwa hivi. Alizaliwa Rubongi, akafiwa na baba na mama katika mwaka mmoja wa ndui. Emojong alikuwa akipita kuwazika watu ambao wenyewe waliogopa kuwagusa. Alipomaliza kuwazika wazazi wale, alimkuta mtoto amekaa kwenye kizingiti, akamwambia kwa Kiswahili chake cha ajabu, "Wewe, nyumba hii iko baridi. Twende." Basi. Hakuna baraza lililokaa, hakuna ukoo ulioulizwa. Mteso akamlea Mpadhola, na kwa kuwa hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, Kiswahili kikawa lugha ya nyumba.

Emojong ndiye aliyemfundisha herufi, kwa mkaa, juu ya upande wa ndani wa ngozi kavu. Ndiye aliyemchukua akazunguke naye kwa wagonjwa, Mella, Merikit, mpaka mpakani. "Ukiingia kwa mgonjwa," alikuwa akisema, "kwanza kaa chini. Chini kabisa, hata kitanda yake iko juu yako. Mtu anaangalia dari siku nzima. Wewe usiwe dari nyingine." Ndiye aliyempeleka chuoni Tororo, mkeka wa kijana kichwani mwake mwenyewe, na walipoambiwa kwamba nafasi zimejaa, alikaa chini langoni siku tatu, ametabasamu, akimsalimu kila aliyeingia na kutoka, mpaka wakaona aibu.

Na chuoni Oketcho alijifunza Kiswahili safi. Alikipenda kama wengine wanavyopenda pombe. Aligundua kwamba maneno yana koo zake kama watu, na kila neno huvaa vazi la ukoo wake, na anayelivalisha vazi la ukoo mwingine hulitia aibu. Likizo zikawa mateso kwake. Emojong akisema "watu mingi," kijana aliuma meno. Emojong akisema "moyo yangu," kijana alitoka nje.

Kisha ikaja siku ile. Padri alikuwa amekuja kukagua, ameketi mbele katika kiti cha mikono. Oketcho alikuwa amerudi na cheti chake, kola imesimama shingoni. Emojong alifungua ibada kama alivyoifungua kila Jumapili kwa miaka kumi na mitano.

"Mungu iko?"

"Iko!"

"Yuko," alisema Oketcho. Alilisema chini kwa chini tu, limemtoka kama chafya.

Emojong hakuwa akisikia vizuri. Mizinga ya vita ilimharibu masikio. Akainama mbele, na tabasamu lake. "Unasema nini, kijana yangu?"

Angeweza kulimeza. Mara nyingi, katika zile Jumapili kumi na tano, Oketcho alirudi kwenye lile tundu dogo la kimya, kati ya swali na jibu, akajiona akilimeza. Lakini hakulimeza. Alisimama. Akapaza sauti ili kiziwi asikie, na kanisa zima likasikia.

"Nasema si *iko*, ni *yuko*. *Iko* ni ya vitu. Ngoma iko. Chupa iko. Mungu si chupa!"

Vijana wakacheka. Padri, aliyejifunza Kiswahili chake kwa vitabu vya Pwani, alicheka nao, kisha akaacha kucheka, akatoa kijitabu, akaandika.

Emojong akajinyoosha. "Aa," alisema. "Asante." Akaendesha ibada mpaka mwisho. Lakini alipofika penye baraka, alisema "Mungu," akatafuta neno la kufuata, hakulipata, akaacha hivyo hivyo. "Mungu," akashusha mkono.

Baada ya mwezi ikaja barua kwamba mwalimu yule mzee apumzike, kwa kuwa mafundisho yake hayakuwa sahihi, na kijana achukue nafasi. Emojong aliisoma mwenyewe, akaikunja, akampa Oketcho kijiti cha ngoma. "Shika. Usipige kwa nguvu mingi, hii ngozi iko ya mbuzi mzee." Akaondoka na kifurushi kimoja, na Oketcho akakaa ndani akipanga vitabu.

Sasa njiani Oketcho alitoa daftari. Alikuwa mtu asiyeweza kuomba radhi bila vina. Akatembea akihesabu vidole:

*Ulinishika mkono, ningali sijui njia,*
*Ukanipa na maneno, na kalamu kushikia,*
*Malipo yangu ni neno, hadharani kukwambia...*

Mstari wa nne haukuja. Aliutafuta maili baada ya maili, kati ya mashamba ya pamba na wanawake waliopalilia bila kumtazama. Alijaribu kumaliza kwa jina la Mungu, na hapo ndipo alipogundua jambo dogo lililomfanya asimame katikati ya barabara. *Yuko* ni mizani mbili. *Iko* ni mizani mbili. Hata shairi lisingevunjika. Aliyevunjika alikuwa mtu.

Alilirudisha daftari mfukoni, wala hakulitoa tena.

*

Busia ilikuwa safu mbili za maduka na barabara kati yake, na ng'ambo ya mti wa kizuizi ilikuwa Kenya, yenye safu mbili nyingine za maduka yaleyale. Banda la ngozi hakuuliza lilipo, alifuata pua. Ngozi zilikuwa zimewambwa kwenye fremu za miti, moja nyuma ya nyingine, na jua la alasiri lilipita ndani yake likawa rangi ya chai. Nyuma ya ngozi ya mwisho mtu mmoja alikuwa akikwangua mafuta kwa kisu kipana, mkono mmoja ukifanya kazi, goti likiwa mahali pa mkono wa pili. Kwa-kwa. Kutua. Kwa.

Oketcho akasimama kwenye kivuli cha ngozi ya kwanza.

"Wewe unataka ngozi ama unataka kivuli?" aliuliza mtu mnene aliyekuwa akiloweka kamba kwenye pipa. Huyo alikuwa Maloba, Msamia, mwangalizi wa banda. "Kivuli ni bure."

"Namtafuta Mwalimu Emojong."

"Mwalimu?" Maloba alimtazama kola mpaka viatu. "Hapa hatuna mwalimu. Tuna kiziwi mmoja, anaongea na ng'ombe waliokufa. Emojong! Mgeni! Amevaa kama arusi!"

Mzee hakugeuka. Oketcho alizunguka fremu akasimama mbele yake. Emojong alikuwa amekonda. Mifupa ya mabega ilionekana ndani ya shati. Aliinua macho, akaangalia muda mrefu, kisha uso wake wote ukafunguka.

"Oketcho! Mtoto yangu! Umekula?"

Hicho ndicho alichouliza. Oketcho alikuwa amejiandaa kwa lawama, kwa kimya, hata kwa kisu. Kwa swali hilo hakuwa amejiandaa.

"Nimekula, Papa," alisema, na ilikuwa imepita miaka tangu amwite hivyo, *papa*, baba, kama Wateso.

"Unasema nini?"

"Nimekula!"

"Uongo. Maloba, iko muhogo?"

"Iko," alijibu Maloba kutoka kwenye pipa.

Wakala. Emojong aliuliza habari za kila mtu wa Mella kwa jina, za mguu wa huyu na ndoa ya yule. Hakuuliza habari za kanisa. Oketcho alikuwa amekalia ukingo wa gogo. Alijiona yuko juu ya mzee aliyekaa ardhini, akashuka, akakaa chini katika mavumbi na manyoya, chini kabisa, hata goti la Emojong likawa juu yake. Mzee aliona. Kutafuna kwake kulisimama kidogo.

"Papa, kanisa ni tupu," alisema Oketcho, akipaza sauti kiasi. "Watu wanasali kwa Ariokot. Padri anakuja Jumapili, atang'oa mabati. Nimekuja ili uwaambie warudi."

"Iko hivyo," alisema Emojong. Alikwangua tonge la mafuta kisuni. "Kumbe umekuja kwa sababu ya mabati."

Oketcho aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli, na ilikuwa imesemwa bila uchungu, jambo lililoifanya iume zaidi.

"Kule Mella mimi nilikuwa nataka kukuambia kitu," mzee akaendelea, "lakini wewe ulikuwa unapanga vitabu. Mimi najua *yuko*. Unafikiri mimi sijui *yuko*? Kule vita, sisi wapagazi, kila asubuhi tulisimama mstari. Nyapara alikuwa mtu ya Mombasa, Kiswahili yake safi kama yako. Anasoma majina. 'Etyang?' Tunajibu, 'Yuko.' 'Ochen?' 'Yuko.' Kesho anasoma tena. 'Etyang?' 'Hayuko.' Kuhara imemaliza yeye. 'Ochen?' 'Hayuko.' Akimaliza majina, anakuja mzungu, yeye hajui Kiswahili, anaita mizigo. 'Sanduku ya risasi iko?' 'Iko.' 'Unga iko?' 'Iko.' Kila siku iko! Mpagazi anaanguka, mzigo haianguki. Inapanda kichwa ingine, inakwenda. Tulitoka hapa watu mia mbili. Siku tulibaki kumi na moja, mimi nikajiuliza, Emojong, wewe unataka Mungu ya namna gani? Ya *yuko*? *Yuko* nimezika mingi. Kesho *hayuko*." Akatikisa kichwa. "Mimi nikachagua *iko*."

Maloba alikuwa ameacha kamba zake. Nzi walilia juu ya ngozi. Oketcho alitazama ule mkono uliokauka, aliouona kila siku ya utoto wake, na akajiona hakuwahi kuuliza hata mara moja ulikaukia wapi, wala nani alikuwa amesimama karibu yake.

"Ama labda," alisema mzee ghafla, na jicho moja likacheka, "labda mimi sikujua Kiswahili tu, na hii maneno nilitafuta baadaye, hapa, na hawa ng'ombe. Wewe ndiyo mshairi. Chagua wewe."

"Papa, asante," alisema Oketcho. Lilitoka kama pumzi. "Na nisamehe."

Emojong akainama mbele. "Unasema nini, kijana yangu?"

Ni maneno yaleyale, na tabasamu lilelile. Na kile kimya kidogo kilikuwapo tena kati ya swali na jibu, tundu lilelile aliloliota kwa wiki kumi na tano. Barabarani watu walikuwa wakipita na mbuzi na vikapu. Mwenye duka la mbele alikuwa ameegemea nguzo akitazama. Mtu mwenye kola ameketi katika mavumbi ya banda la ngozi. Hilo peke yake lilitosha kuwapa habari ya jioni.

Oketcho alisimama.

"Nasema asante!" alipiga kelele, hata mbuzi mmoja akaruka. "Asante kwa kunitoa kwenye kizingiti! Asante kwa herufi, na kwa zile siku tatu langoni! Nilikufunga mdomo mbele ya watu, na aliyenifungua mdomo ni wewe! Nisamehe!"

Pande zote mbili za barabara watu wakageuka kumtazama.

"Mimi nilikusamehe palepale," alisema Emojong kwa upole. "Lakini ni vizuri kusikia." Akakwangua, akatua. "Sasa sikia. Waambie warudi. Waambie Emojong anasema, hata kama padri iko mbaya, mabati iko mazuri."

"Twende pamoja, Papa. Uwaambie mwenyewe."

"Mimi nimeambiwa nipumzike. Ningekuja, wangekulinganisha na mimi mpaka ufe. Na miguu hii haifiki tena." Alisema hivyo akitazama ngozi, na Oketcho akaelewa kwamba mzee huyu alikuwa peke yake hapa, peke yake kabisa, kati ya watu wasiojua hata kwamba aliwahi kuwa mwalimu, na kwamba angebaki hivyo. Hakuna shairi ambalo lingempeleka nyumbani.

"Watarudi," Emojong alisema. "Watajaa. Padri atakaa pale mbele, na kijitabu yake. Utapiga ngoma, watanyamaza, watakuangalia wewe. Utawafungulia na neno gani?"

Oketcho aliliona kanisa lote. Aliiona kalamu ya padri. Akiuliza kwa *yuko*, watu wangeinuka na kuvuka bonde, na mabati yangekwenda. Akiuliza kwa *iko*, mabati yangebaki, na yeye ndiye angekwenda, kwa maana kosa lililomwondoa mzee lisingemwacha kijana mwenye cheti. Ofisi ya Tororo ilimjia puani, wino na vumbi.

"Usijibu," alisema Emojong. "Iko kazi yako. Usipoteze kazi kwa herufi moja."

Oketcho alisema jambo, kwa sauti ya kawaida.

"Unasema nini?"

"Huyu mzee," alinong'ona Maloba, "leo anasikia vizuri kuliko mimi."

Lakini Oketcho alikwisha geuka kumkabili mzee wake, mikono imelala ubavuni, na akalisema tena, kwa sauti ambayo Busia zote mbili zingeweza kuisikia:

"Nasema, Jumapili nitapiga ngoma kwa mkono mmoja, na nitawauliza Mungu iko! Na padri akiniuliza nani alinifundisha, nitamwambia ni Emojong, na popote watakaponipeleka baada ya hapo, Papa, nitalitaja jina hilo kwanza!"